Kufungua Shamba kwa Mashine Ndogo Bila Kupoteza Udongo wa Juu

Wakulima wengi wanaofungua mashamba mapya hufikiria kukodi kijiko kidogo cha minyororo badala ya tingatinga kubwa, na uamuzi huo ni mzuri, kwa kuwa mashine nyepesi haishindilii udongo kwa kina kama ile nzito. Hata hivyo, udogo wa mashine peke yake hauliokoi shamba. Sehemu kubwa ya mboji imo katika sentimita 15 hadi 20 za juu, na opereta anayeshusha bamba na kusukuma vichaka, nyasi na udongo kwa pamoja anaweza kuihamishia rutuba yote hiyo mpakani kwa asubuhi moja. Msimu unaofuata mahindi hustawi kandokando ya lundo, huku ya katikati yakidumaa na kuwa ya njano.

Vichaka ving'olewe kwa reki ya meno, ambayo hukamata mizizi na kuuacha udongo upite. Mti unaolazimika kuondolewa usikatwe usawa wa ardhi, bali kiachwe kisiki cha takriban mita moja ili mashine ipate mahali pa kusukuma. Opereta huchimba kukizunguka, hukata mizizi ya pembeni, ndipo hukisukuma hadi kiachie. Kikung'utwe juu ya shimo lake, kisha shimo lifukiwe kwa udongo wa chini kwanza, ule mweusi ukija mwisho.

Hali ya udongo nayo ipimwe kabla ya kazi. Chukua udongo wa kina cha jembe, uviringe kiganjani. Ukiwa kamba nyembamba isiyokatika, bado ni mbichi mno, na mashine itaushindilia. Ukavu uliopita kiasi nao una gharama zake: huko Kongwa, Tanzania, mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza miaka ya 1940 ulipeleka mitambo mizito kwenye udongo ambao kiangazi huukausha ukawa mgumu kama saruji, na mwaka 1951 ukaachwa.

Kwa maoni yangu, uharibifu mwingi huanzia kwenye makubaliano, kwani anayelipwa kwa eka hana sababu ya kwenda polepole. Ni afadhali kulipa kwa saa, mwenye shamba akiwapo. Masalia ya vichaka na visiki yapangwe kwa mistari inayokinga mteremko, yasichomwe, na mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inavyotaka.