Cheti pekee hakimtoshi kiongozi mpya wa jaribio la dawa

Watafiti wengi Dodoma huamini kwamba ukishapata cheti cha maadili ya utafiti, kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), mlezi, yaani mtafiti mzoefu wa kukuongoza, ni wa nini tena? Si kweli. Cheti hufundisha kanuni. Makosa huzaliwa kazini. Muuguzi anachukua ridhaa ya mshiriki kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya majukumu, inayoonyesha nani ameruhusiwa kufanya nini. Mshiriki asiyejua kusoma anaweka dole gumba bila shahidi huru. Fomu ya ridhaa inayosainiwa ni ya toleo la zamani! Mlezi mzoefu apitie nawe hatua hizi kabla ya kumsajili mshiriki wa kwanza. Viongozi wenzako wapya mkutane kila mwezi, muulizane bila aibu, ila bila kutaja washiriki. Tukio baya kubwa, kama mshiriki kufariki au kulazwa hospitali, lisisubiri kikao: kwa kawaida mdhamini wa jaribio huarifiwa ndani ya saa 24.