Tope la majitaka likikauka si mbolea salama papo hapo

Imani ya siku nyingi Dar es Salaam ni kwamba tope la majitaka likishakauka juani ni mbolea tu, limwage popote. Sivyo. Mayai ya minyoo huvumilia ukavu kwa miezi mingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unashauri lihifadhiwe zaidi ya mwaka 1 kwenye joto kama letu.

Hata lililotibiwa vizuri lina naitrojeni, kirutubisho cha mimea. Mvua za masika huishusha mchangani kama naitreti, yaani naitrojeni iliyogeuka chumvi inayoyeyuka majini, hadi visimani, na kuchemsha maji hakuiondoi. Kwa kichanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, hiyo ni hatari kweli.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Matuta ya mchicha kandokando ya Mto Msimbazi yasimwagiwe tope hili kabisa.