Kujaribiwa si kuanguka, jamani

Wiki iliyopita, baada ya maombi ya jioni, msharika mmoja alinisubiri mlangoni mpaka watu wakaisha. Ni binti anayefanya kazi kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu. Mteja alikuja kuweka hela, akamkabidhi noti zilizokunjwa, akatoka mbio kuwahi gari. Binti akahesabu, akakuta kuna elfu themanini za ziada. Akahesabu tena. Akazisukuma chini ya daftari la miamala, akakaa nazo, "kama robo saa hivi, Mchungaji, na kodi ya chumba inanisubiri." Kisha akampigia yule mteja na kumwita arudi achukue hela yake.

Nilidhani amekuja kushuhudia. Kumbe amekuja kulia. Kiongozi wa kikundi chake cha maombi amemwambia kwamba mtu aliyeokoka sawasawa hawezi kutamani fedha ya mwenzake, kwa hiyo ile robo saa ni dalili kwamba hajaokoka, aombewe afunguliwe.

Nimechoka na fundisho hili. Nimelikuta kwa wanandoa, kwa wanakwaya, na kwa kijana aliyeacha pombe lakini harufu ya rubisi bado inamgeuza shingo. Wote wanauliza swali moja: mbona bado najaribiwa? Unajaribiwa kwa sababu u hai na Ibilisi hajastaafu. Bwana Yesu alijaribiwa siku arobaini nyikani, tena mara tu baada ya kubatizwa na kushukiwa na Roho. Waebrania 4:15 inasema alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Anayefundisha kwamba kujaribiwa ni uchafu aanze kwa kutueleza mstari huo.

Sehemu ya mkanganyiko imo katika lugha yetu. Neno "jaribu" tumelitwika mizigo miwili. Mtu akiuguza mtoto anasema ana majaribu. Akimtamani mke wa jirani anasema vilevile ana majaribu. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kiko hivyo, peirasmos ni yote mawili, na ndiyo maana Yakobo 1 humchanganya msomaji: mstari wa 2 unatuambia tuhesabu majaribu kuwa furaha tupu, halafu mstari wa 13 unakataza kusema tunajaribiwa na Mungu. Katika Sala ya Bwana sisi Walutheri husema "usitutie majaribuni". Ndugu zetu Wakatoliki husema "usitutie katika kishawishi", na kwa hili ninalolizungumzia naona neno lao limekaa vizuri zaidi. Mtu akishawishiwa, bado hajakubali.

Sasa tusome Yakobo polepole, mstari wa 14 na 15. Kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe "huku akivutwa na kudanganywa". Nyuma ya hilo "kudanganywa" kuna neno la Kigiriki lenye chambo ndani yake. Sisi wa pembeni mwa Ziwa Victoria tunaelewa haraka. Mvuvi wa sangara hutunga samaki mdogo kwenye ndoana. Sangara akikisogelea chambo, akakizunguka, hajavuliwa bado. Akimeza, habari nyingine. Kisha Yakobo anaacha uvuvi na kuhamia kwenye uzazi: tamaa ikiisha kuchukua mimba ndipo huzaa dhambi. Kuna hatua hapo, na mtu anaweza kurudi nyuma kabla ya kumeza. Binti alirudi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba fundisho hili lenyewe linazaa dhambi. Ikiwa kutamani na kuiba ni kitu kimoja, arudishe hela ya nini? Ameshapotea, si bora alipe kodi? Nimewaona vijana wakivunjika hivyo: wazo limekuja saa nne, saa tano wanasema wameshaanguka, saa sita wanakwenda kumalizia. Wengine wanaficha. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kufika mpaka huku kwetu Buhaya uliwafundisha wazee wetu kutembea nuruni, yaani kusema mbele ya ndugu yale yaliyomo moyoni. Leo binti anasema yaliyomo moyoni, anapewa hukumu.

Sisemi tukae na jaribu tukilichezea. Yusufu alikimbia, akaacha hata vazi lake mkononi mwa yule mwanamke. Robo saa ilikuwa ndefu mno, nilimwambia hivyo. Ila kukimbia nako kuna mipaka: Antonio wa Misri, yule mtawa wa kale, alikwenda kuishi jangwani, na vishawishi vikamfuata huko huko. Bwana mwenyewe aliomba kwamba tusitolewe ulimwenguni, bali tulindwe na yule mwovu.

Binti alinisikiliza, akafuta uso, akauliza: "Mbona Jumapili tunaungama kwamba tumekosa kwa mawazo, maneno na matendo? Mawazo si ndiyo hayo?"

Hapo nilinyamaza kidogo. Ungamo letu la Augsburg la mwaka 1530, yaani tamko la imani yetu Walutheri, kifungu cha 2, linasema ile tamaa tunayozaliwa nayo ni dhambi kweli. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1546 ulisema hapana: inatokana na dhambi na kuielekea dhambi, lakini kwa aliyebatizwa si dhambi yenyewe. Mimi ni Mlutheri na sijalikana Ungamo langu, ila nikikaa na mtu kama huyu siwezi kuiweka ile robo saa kapu moja na wizi. Tena Yakobo anataja tamaa yetu wenyewe, ilhali Yesu alijaribiwa bila dhambi. Alijaribiwaje kutoka ndani? Nimelihubiri andiko hilo mara nyingi na bado sina jibu linaloniridhisha.

Nilimwambia ile tamaa ailete Jumapili pamoja na mengine yote, Kristo anaijua. Lakini asiungame wizi, maana hakuiba. Akiwa ameshafika mlangoni akaniambia kwamba yule mteja, kabla ya kushukuru, alizihesabu zile elfu themanini mara mbili pale pale kibandani.