Nani atakusomea skripti yako? Dhana potofu zinazowakwamisha waandishi wachanga wa filamu

Kijana anayeandika skripti yake ya kwanza, awe Tandale, Dar es Salaam, au Eastleigh, Nairobi, huwa na upungufu mkubwa kuliko wa mtaji na kompyuta: hana wa kumsomea, na hana wa kuandika naye. Upungufu huo unaota mizizi kwa sababu ya maneno yanayorudiwa hadi yameaminiwa kama kanuni.

“Mwandishi hasa huandika peke yake”

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana historia ya filamu inaikanusha waziwazi. Wazee wetu waliojaza majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa miaka ya 1970 kutazama filamu za Kihindi walikuwa pia wakifuata kazi ya waandishi wawili, Salim Khan na Javed Akhtar. Ndio walioandika Zanjeer (1973), kisha Deewaar na Sholay, zote za 1975, na majina yao yalitajwa pamoja, Salim-Javed, kama la mtu mmoja. Billy Wilder, mwandishi na muongozaji wa Hollywood, mhamiaji aliyefika Marekani miaka ya 1930 Kiingereza kikiwa bado kinampiga chenga, aliandika kwa miaka mingi na Charles Brackett, kisha na I. A. L. Diamond.

Na kwetu je? Vuta N'Kuvute (2021), filamu ya Tanzania iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, muongozaji wake Amil Shivji aliiandika pamoja na Jenna Cato Bass wa Afrika Kusini. Supa Modo ya Kenya (2018) iliandikwa na waandishi kadhaa. Kwa hiyo ukihisi kwamba hadithi yako imekuzidi kimo, usijione huna kipaji. Umefika tu pale ambapo wengi waliokutangulia walimwita mwenzao.

“Kutiwa moyo ni kusifiwa”

Ndugu na marafiki watakusifia. Wanakupenda, na wengi wao hawajawahi kushika skripti. “Safi sana, endelea” inapendeza kusikia, lakini kesho asubuhi ukifungua faili hujui urekebishe wapi. Msomaji anayekujenga ni yule anayekwambia: “Ukurasa wa 12 nilichoka, na wa 30 sikumwamini tena huyu dada.” Mtu aliyefika ukurasa wa 30 kwa makini kiasi hicho amekupa saa nzima ya maisha yake. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa mwandishi.

Njia nzuri ya kumpata ni kuisoma skripti kwa sauti mkiwa watu wanne au watano, kila mmoja na mhusika wake, na mmoja anayesoma maelezo. Chukua sini hii, yaani onyesho moja la filamu: mama anamsubiri mwanawe usiku. Mwandishi amempa mama mistari minane ya kulalamika kwamba kijana amebadilika, anarudi usiku wa manane, hamheshimu tangu baba yake afariki. Kwenye karatasi inaonekana ina uchungu. Ikisomwa kwa sauti, kufikia mstari wa nne yule anayesoma sehemu ya mama ameanza kuharakisha, kwa kuwa yote hayo yameshaeleweka. Ndipo mmoja anauliza, “Chakula cha kijana kiko wapi?” Mwandishi anafuta mistari yote minane. Sasa mlango unafunguliwa, mama anaondoa sahani iliyofunikwa kawa mezani, anairudisha jikoni, anazima taa. Hakuna aliyemsifu mwandishi usiku huo, lakini anakwenda kulala akijua sini yake imepona.

Mwombe msomaji mambo matatu tu: wapi ulichoka, wapi hukuelewa, wapi ulitaka kujua zaidi. Dawa utaitafuta wewe mwenye skripti.

“Lazima nimpate mtu mwenye jina”

Muongozaji maarufu ana foleni yake. Mwenza wako yumkini ni wa rika lako: mwigizaji wa kikundi cha maigizo cha mtaani, mwandishi wa michezo ya redio, kijana anayepiga video za harusi na ana jicho. Nairobi Half Life (2012) ilitoka kwenye warsha ya kampuni ya filamu ya One Fine Day Films jijini Nairobi, ikiwa na zaidi ya mwandishi mmoja na muongozaji, David “Tosh” Gitonga, aliyekuwa akiongoza filamu yake ndefu ya kwanza. Ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar. Warsha kama hizo, Maisha Film Lab aliyoianzisha muongozaji Mira Nair mjini Kampala, tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar na chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo vimewakutanisha wengi. Nenda na kurasa mkononi.

Msianze na filamu ndefu. Andikeni kwanza filamu fupi ya kurasa tano, yaani kama dakika tano kwenye skrini. Hapo utajua kama mwenzako hutimiza ahadi, na kama ukimkosoa hurudi na sini mpya au hurudi na visingizio.

“Nikiionyesha, wataiiba”

Wizi upo, sikatai. Lakini sheria za hakimiliki, ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001, hazilindi wazo lililo kichwani. Zinalinda kazi iliyokwisha kuandikwa. Anayeificha hadithi yake bila kuiandika ndiye asiye na kinga. Maliza rasimu, iweke tarehe, isajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, na weka kumbukumbu ya kila uliyemtumia.

Kwa mwenza, andikeni ukurasa mmoja na mtie saini wote: jina la nani linatangulia, malipo yanagawanywaje, na mmoja akijitoa skripti inabaki kwa nani. Hata Salim na Javed waliachana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Andikeni ukurasa huo kabla ya sini ya kwanza, wakati hakuna fedha mezani na bado mnasikilizana.