Mmea wa mtungi ni mtoto wa nani? Anzia kwenye kifuniko

Anayetuletea picha ya mmea wa mtungi na kutaka kujua wazazi wake, karibu kila mara hupiga picha ya rangi: wekundu, madoadoa, michirizi. Tunamrudisha akapige kifuniko kwa ubavuni na mahali kamba ya mtungi inapotokea kwenye jani. Rangi ni mpambe tu. Mmea uleule ukiuweka juani huiva wekundu, ukiuhamishia kivulini hurudi kijani.

Mimea hii ni ya jenasi ya Nepenthes. Jani lake huishia kwenye kamba nyembamba, na ncha ya kamba huvimba ikawa mtungi wenye majimaji, ukingo unaoteleza na kifuniko juu yake. Mdudu hufuata utomvu mtamu, huteleza, huzama, na mmea hujilia taratibu. Spishi zake ni zaidi ya 150, nyingi zikiwa Borneo, Sumatra na Ufilipino. Upande wetu wa Bahari ya Hindi zipo mbili Madagaska na moja Shelisheli, kwenye milima ya Mahé na Silhouette. Huyo wa Shelisheli hatusumbui, kwa kuwa hana jirani wa kuoana naye.

Kwingine wanaoana sana. Kama ilivyo kwa mpapai, kuna mmea dume na mmea jike, na mmoja hauwezi kujizalisha peke yake. Chavua ya spishi moja ikitua kwenye ua la spishi nyingine iliyo karibu, mbegu hushika, na mara nyingi hata chotara, yaani mtoto wa spishi mbili, mwenyewe huzaa.

Pa kujifunzia ni Singapore, kwa sababu wenyeji wa pale ni watatu tu. N. ampullaria (N. ni kifupi cha Nepenthes) ana mitungi mifupi minene, imejazana chini kama vyungu vya mfinyanzi vilivyoanikwa, na kifuniko chembamba kilichopinduka nyuma kabisa. Mdomo umeachwa wazi, majani makavu yanayodondoka kutoka mitini yanaingia, naye anayatumia kama chakula. N. rafflesiana ana mtungi mkubwa, kifuniko kipana kilichofunika mdomo, na kwa nyuma ukingo umepanda juu ukawa shingo. N. gracilis ni mwembamba kila mahali: jani, shina, mtungi, na ukingo wa mdomo ni kama uzi.

Sasa unakuta mtungi mnene kama yai. Kifuniko hakikupinduka, lakini hakikufunika pia. Kimesimama nusu njia, na ni chembamba kuliko mdomo. Nyuma ya ukingo pana kishingo kifupi. Unene na uvivu wa kifuniko vimetoka kwa ampullaria, kishingo kimetoka kwa rafflesiana. Huyo ni N. × hookeriana; alama × huonyesha chotara. Ukikuta kipipa kidogo chenye ukingo mwembamba na jani jembamba, shingo haipo kabisa, basi mzazi wa pili ni gracilis, na jina ni N. × trichocarpa.

Hapo mtu hakutafuta wastani wa kila kitu. Alitafuta alama ambayo mzazi mmoja tu anayo, kisha akaangalia nani anaishi jirani. Unene wa mtungi peke yake hauthibitishi kitu; spishi nyingi zina mitungi minene. Kifuniko kilichopinduka namna ile ni cha wachache mno.

Kosa tunaloliona zaidi ni kulinganisha mitungi isiyolingana. Mmea mmoja hutoa mitungi ya chini, mifupi, yenye mbawa mbili za nyuzi mbele, na ukishapanda mti hutoa ya juu, mirefu kama faneli, mbawa zimesinyaa. Kuna waliokwisha kuzua chotara kwa kulinganisha mtungi wa chini wa mmea na mtungi wa juu wa ndugu yake.

Umbo pia halikuambii nani mama na nani baba. Wakulima humwandika mama kwanza, lakini lazima mtu awe aliandika. Mwaka 1862 kitalu cha Veitch cha Uingereza kilitoa chotara wa kwanza wa mkono wa binadamu, kazi ya John Dominy. Mzazi mmoja ni rafflesiana. Wa pili anabishaniwa hadi leo. Chotara akioana tena na mzazi mmoja, alama za yule mwingine hufifia kizazi baada ya kizazi, na hapo jicho hushindwa, inabaki maabara ya vinasaba.

Msomaji aliye Ulaya huenda ana chotara dirishani bila kujua. Mmea wa mtungi unaouzwa sana madukani ni 'Ventrata', na kiuno kile cha mtungi, kama cha mtu aliyekaza mshipi, amekirithi kwa N. ventricosa wa Ufilipino.

Mgumu kuliko wote yuko mlima Kinabalu, Borneo. N. rajah ana kamba inayochomoza chini ya jani, kabla ya ncha, jambo adimu katika jenasi nzima. N. villosa anaishi juu zaidi, na ukingo wake una mbavu zilizosimama kama meno ya kitana. Mahali wanapokutana kuna mmea wenye kamba inayotokea chini ya jani lakini karibu kabisa na ncha, na mbavu zinazozidi za rajah lakini hazifikii za villosa. Zamani uliandikwa kuwa chotara. Lakini unazaana wenyewe kwa wenyewe, na watoto wanafanana nao. Siku hizi wataalamu wengi wanauita spishi, N. kinabaluensis, na wazazi wake wawili tunawataja kama mababu.