Programu Isiyo na Barua ya Mtaa

Kijana mmoja anayehariri video za harusi hapa Ngamiani, Tanga, aliniletea MacBook yake amenuna. "Fundi, programu niliyopakua inakataa kufunguka. Zima ulinzi wote, kazi ya watu inanisubiri."

Sikuuzima. Mashine haikuona virusi, ilikosa barua tu. Ukienda kupanga chumba, mwenye nyumba anaweza kukudai barua ya serikali ya mtaa. Huna? Haina maana u mwizi, ila hakuna anayekujua. Gatekeeper, mlinzi wa Mac tangu 2012, naye hudai barua. Mtengenezaji hulipa Apple dola 99 kwa mwaka apate sahihi ya kidijitali, na siku hizi programu yenyewe hupelekwa huko ikakaguliwe. Wapo wanaogawa programu zao bure wasiotaka kulipa hizo dola. Siwalaumu.

Nakala yake tuliifuta, maana aliiokota kwenye tovuti ya madalali iliyojaa matangazo. Tukapakua upya kwa mtengenezaji mwenyewe, tukalinganisha alama ya SHA-256, yaani alama ya kidole ya faili, zile herufi na tarakimu 64, na ile aliyoiandika mtengenezaji. Zilifanana, kwa hiyo faili haikuguswa njiani. Tukaifungua, ikagoma. Tukaingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, tukashuka chini kabisa kwenye kitufe cha kuruhusu programu hiyo peke yake, tukaweka nywila. Basi. Kitufe chenyewe ni waja leo waondoka leo: hukaa kama saa moja tangu ujaribu kuifungua programu, kisha hutoweka. (Wengi hunipigia simu hapo.) Njia ya zamani ya kuiruhusu programu kwa kushika Control na kubofya iliondolewa kwenye macOS Sequoia, toleo la mfumo wa Mac la 2024, kwa hiyo video za zamani zitakupoteza.

Ila ujumbe ukisema programu itaharibu kompyuta yako, usibishane, itupe. Hiyo inajulikana kwa ubaya wake.

Akafurahi, akatoa flashi mfukoni. "Za humu mbona haziulizwi kitu?"

Faili ikipakuliwa na kivinjari hubandikwa alama ya karantini, na alama hiyo ndiyo humwamsha mlinzi. Inayokuja kwa flashi kutoka kompyuta ya Windows mara nyingi haina alama, hivyo hupita kimya kimya. Nilimwuliza flashi ni ya nani. Hakumbuki. Nikavuta kiti, tukaanza kuzikagua moja moja.