Kumuuguza mzee nyumbani: nani anayelipa?

"Mzee akiwa nyumbani hana gharama." Neno hili nimelisikia kwenye kila kikao cha familia tangu baba apate kiharusi, na hulisema zaidi wasiolala naye. Anayelala naye ni dada yangu, huku Micheweni, Pemba, naye ni mkulima wa mwani. Kazi ya mwani hufanywa maji yakitoka sana, siku za bamvua, na bamvua huja mara mbili tu kwa mwezi. Likimpita yuko ndani anamkosha na kumlisha baba, hangoji kesho. Anangoja kama wiki mbili. Huku nyuma kamba anazofungia mwani zinalegea na mwani unakatika. Pesa hiyo haihesabiwi na mtu kwa sababu haikutoka mfukoni, lakini imekwenda. Hapo sijataja pempasi, sabuni na gari ya kumpeleka hospitali.

"Pensheni Jamii inatosha." Pesa hii ambayo Serikali ya Zanzibar huwapa wazee kila mwezi ni heshima kubwa kwao, na nashukuru kwa dhati. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kisha ikapandishwa hadi 50,000. Igawe kwa siku 30: haifiki 1,700 kwa siku. Na anayestahiki ni wa miaka 70 na zaidi. Aliyepooza akiwa na 62 hayumo.

"Basi apelekwe Sebleni, Welezo au Limbani, kule ni bure." Si bure, inalipa Serikali, na nyumba hizo ni za wazee wasio na wa kuwatazama. Hazikuwekwa kupokea kila mzee ambaye familia yake imechoka.

"Mapenzi yanatosha, utaalamu wa nini?" Hili ndilo linaloumiza zaidi. Asiyeweza kujigeuza kitandani anahitaji kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, usiku nao umo. Akiachwa, ngozi ya matakoni, nyongani na visiginoni inaanza kufa kwa kukosa damu. Kidonda kikishaingia ndani, ni miezi ya kusafisha na kufunga, na gharama yake inashinda godoro zuri. Mwombeni muuguzi wa kituo cha afya awaoneshe namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumburura juu ya shuka. Sisi tulichelewa kuuliza.

Sasa kaka zetu walioko Unguja wanatoa fungu la kila mwezi, na linatajwa wazi kuwa ni la dada, si la dawa. Siku za bamvua mke wangu anakaa na baba, dada anakwenda pwani.